Sayansi ya Bahari na Mkulima wa Songea: Kwa Nini Mwalimu Wetu Afundishwe



Yeyote atakayesoma kichwa cha makala haya ana haki ya kuuliza swali moja. Sisi wa Songea ni wakulima wa mahindi, tumbaku, ufuta na soya. Bahari ipo mbali nasi, na wengi wetu hatujapata kuiona. Je, mafunzo ya sayansi ya bahari kwa walimu na kwa vijana wanaoanza kazi ya utafiti yanatuhusu nini, hata yaandikwe katika jarida la ushirika?

Jibu fupi ni kwamba yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, mvua tunayoilimia inategemea sana hali ya bahari. Pili, udongo unaochukuliwa na maji kutoka mashambani mwetu safari yake huelekea baharini. Habari za mambo hayo mawili zipo, na wataalamu huzipima na kuziandika kila siku. Lakini zinapotufikia huwa nusu, au huwa zimepotoka. Kati ya mtaalamu na mkulima, daraja lililo karibu nasi kuliko yote ni mwalimu wa shule, nalo halijajengwa sawasawa. Makala haya yanakusudia kueleza mafunzo hayo ni nini, hutolewa na nani, na chama cha msingi kinaweza kufanya nini ili yamfikie mwalimu wa kijijini.

MAJI YETU YOTE HUELEKEA BAHARI MOJA

Yafaa ieleweke kwanza kuwa mkoa wetu umefungamana na bahari kuliko tunavyodhani. Mto Ruvuma huchimbuka katika milima ya Matogoro, hapa hapa kwetu, na baada ya safari ya kilomita zipatazo 800 huingia katika Bahari ya Hindi kwenye mpaka wa Mtwara na Msumbiji. Maji ya upande wa kaskazini huingia katika Mto Luwegu, na Luwegu ukikutana na Kilombero huzaliwa Mto Rufiji, ambao delta yake ina msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki. Maji ya upande wa magharibi huingia katika Ziwa Nyasa, na yale yanayobaki baada ya kufyonzwa na jua hutoka kwa Mto Shire, hujiunga na Zambezi, na kuishia katika bahari ile ile.

Basi mkoa wetu una milango mitatu, na yote hufungukia Bahari ya Hindi. Mvua ikinyesha juu ya shamba lililolimwa wazi kwenye mteremko, udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba, huanza safari. Sehemu yake hubaki mabondeni, na sehemu huendelea hadi mwishoni mwa mto, ambako ukizidi huweza kufunika matumbawe na kuharibu mazalio ya samaki. Mwaka 2000 Serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma huko Mtwara. Afya ya hifadhi hiyo haiwezi kutenganishwa na kilimo cha huku juu. Wamatengo wa Mbinga waliotutangulia katika kuchimba mashimo ya ngoro ili kuzuia udongo usichukuliwe na maji walikuwa wakiilinda rutuba yao wenyewe. Lakini kila udongo waliouzuia ulikuwa pia udongo usiofika kuwasumbua wavuvi wa chini ya mto.

HABARI ZA MVUA NA HATARI YA KUZISIKIA NUSU

Kila mwaka kabla ya msimu wetu wa Novemba hadi Aprili, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri. Utabiri huo husema kama mvua zinatarajiwa kuwa juu ya wastani, za wastani au chini ya wastani. Mojawapo ya mambo makubwa yanayoangaliwa katika kuuandaa ni joto la maji ya juu ya bahari. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yanapopata joto kuliko kawaida, huku yale ya upande wa Sumatra yakipoa, mvua za vuli katika Afrika Mashariki huelekea kuongezeka. Maji ya katikati ya Bahari ya Pasifiki yakipata joto, hali tunayoiita El Nino, athari zake huvuka dunia na kutufikia sisi pia.

Hapa ndipo ilipo hatari. Mkulima husikia redioni kwamba El Nino inakuja, akafahamu kwamba mvua itakuwa nyingi kila mahali. Sivyo. Katika msimu wa 2023/2024 hali hiyo ilikuwapo. Kaskazini mwa nchi na pwani mvua zilizidi, na mwezi wa Aprili 2024 watu wa Rufiji walikumbwa na mafuriko makubwa. Lakini katika miezi hiyo hiyo Zambia, Malawi na Zimbabwe zilipatwa na ukame mkali, hata Serikali zao zikatangaza hali ya maafa. Jambo moja la bahari lilileta mafuriko upande mmoja na njaa upande mwingine. Songea ipo kati ya pande hizo mbili. Malawi ni jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa, na pwani ni jirani yetu wa chini ya mto. Kwa hiyo habari iliyo kweli kwa Dar es Salaam si lazima iwe kweli kwetu.

Katibu wa chama anayepanga siku ya kuagiza mbolea, na mwanachama anayeamua kama apande mbegu ya muda mfupi au ya muda mrefu, wanahitaji mtu wa karibu wa kuwafafanulia jambo hilo. Wanahitaji pia kuelezwa kwamba utabiri si ahadi. Ukisema kuna uwezekano mkubwa wa mvua za wastani, haukusema kwamba ukame hauwezekani. Asiyefahamu tofauti hiyo huuamini utabiri kupita kiasi mwaka huu, na mwaka ujao huudharau kabisa. Yote mawili humtia hasara.

NANI HUIPIMA BAHARI?

Bahari hupimwa kwa njia nyingi. Viko vyombo vielea vya mpango wa kimataifa uitwao Argo, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990. Vyombo hivyo, ambavyo idadi yake hukaribia 4,000 katika bahari zote, hushuka hadi kina cha mita 2,000, na kila baada ya siku 10 hupanda juu vikipima joto na chumvi, kisha huyatuma majibu kwa njia ya setilaiti. Bandarini Zanzibar kipo kipimo cha kupanda na kushuka kwa maji, ambacho kumbukumbu zake huanzia mwaka 1984.

Lakini kipimo bila mtu wa kukisoma ni chuma tu. Hapa nchini kazi hiyo imegawanywa. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa Zanzibar mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980, nayo ina kituo Kyela kwa ajili ya Ziwa Nyasa. Wakala ya Elimu na Mafunzo ya Uvuvi ina vyuo, kama vile Mbegani kule Bagamoyo na Nyegezi kule Mwanza. Mwaka 1993 wanasayansi wa nchi za upande wetu wa Bahari ya Hindi waliunda chama chao cha kitaaluma, kijulikanacho kwa kifupi WIOMSA, ambacho makao yake yapo Zanzibar.

KIJANA ALIYEHITIMU BADO ANAFUNDISHWA

Huenda mtu akasema kwamba kijana aliyepata shahada amekwisha kuwa mtaalamu. Makatibu wanajua kwamba sivyo. Katibu mpya huja na kanuni zote za uwekaji hesabu kichwani; lakini mpaka afunge vitabu vya msimu mzima, apime mazao mbele ya wakulima wenye haraka, na akabiliane na mkaguzi, hajawa katibu. Mwanasayansi kijana yuko vivyo hivyo. Anahitaji kufundishwa kuchukua vipimo akiwa chomboni katika mawimbi, kuzitunza takwimu ili mwingine aweze kuzitumia baada ya miaka 20, kuandika matokeo yake yakasomwa na kupingwa na wenzake, na kuomba fedha za utafiti kwa hoja.

Mafunzo ya namna hii hutolewa kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni kozi fupi za wiki moja au mbili. Mjini Mombasa, katika Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, kipo kituo cha kanda cha mafunzo chini ya mpango wa Tume ya Bahari ya UNESCO, ambako vijana hufundishwa utunzaji wa takwimu za bahari. Ya pili ni ruzuku ndogo za utafiti. WIOMSA ina mpango uitwao MARG, ambao humpa mtafiti kiasi cha fedha cha kuendesha kazi yake mwenyewe na kuwajibika kwayo. Ya tatu ni kushirikishwa na waliotangulia, kwa kuhudhuria makongamano, kuwekwa chini ya mlezi wa kitaaluma, na kujiunga na mtandao wa wanasayansi chipukizi wa kanda hii. Umoja wa Mataifa nao umeitangaza miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa Muongo wa Sayansi ya Bahari, na kuwaandaa vijana ni miongoni mwa shabaha zake.

Faida ya kumlea mtafiti huchelewa kuonekana, lakini ni kubwa. Katika miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akichunguza mwani wa pwani zetu, kazi ambayo wengi wangeiona haina maana kwa mwananchi. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Zanzibar, na tangu hapo kimewapatia kipato maelfu ya watu, wengi wao wakiwa wanawake. Baadaye maji yalipozidi joto na mwani kuanza kufa, wanasayansi wa Taasisi ya Zanzibar, miongoni mwao Dkt. Flower Msuya, walikwenda kwa wakulima hao kutafuta njia ya kulima katika maji ya kina zaidi. Utafiti ulitangulia, kilimo kikafuata, na tatizo lilipozuka wataalamu wa kulishughulikia walikuwapo, kwa kuwa walikwisha kuandaliwa.

MWALIMU NDIYE DARAJA

Sasa tuje kwa mwalimu. Mwaka 2004 huko Marekani, wanasayansi na walimu walikutana baada ya kuona kwamba bahari, ambayo hufunika asilimia 71 ya uso wa dunia, ilikuwa karibu haimo katika mafundisho ya shule. Walikubaliana juu ya kanuni 7 ambazo kila mtu anayemaliza shule anapaswa kuzifahamu. Mojawapo ni kwamba dunia ina bahari kuu moja tu iliyoungana, na nyingine ni kwamba bahari ina nguvu kubwa juu ya hali ya hewa. Tangu hapo kanuni hizo zimesambaa katika nchi nyingi kama msingi wa kuwafundishia walimu.

Hapa kwetu mfano mzuri ni Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ambacho matumbawe yake yalitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Wavuvi wa zamani walifundishwa wakawa walinzi wa hifadhi, wanafunzi hupelekwa kuona matumbawe kwa macho yao, na walimu huandaliwa ili ziara hiyo iwe somo wala isiwe matembezi.

Ndugu Wanachama, tusidanganyike. Semina nyingi hupimwa kwa posho na cheti. Mwalimu huketi siku 3 akisikiliza, hupewa kitabu, hurudi, na kitabu huwekwa kabatini. Mafunzo ya kweli hutambulika kwa dalili tatu: mwalimu hufanya kwa mikono yake lile atakalolifundisha, hurudi na somo lililokwisha kuandaliwa kwa vifaa vinavyopatikana kijijini, na baada ya muda hufuatwa ili kuona kama amelifundisha.

Wala pwani si lazima iwepo darasani. Mwalimu wa Songea anaweza kufundisha bahari kwa majaribio mawili yasiyo na gharama. Kwanza, aweke beseni la maji na beseni la udongo mkavu juani tangu asubuhi. Mchana wanafunzi wataona udongo umepata joto upesi kuliko maji. Usiku ukiingia wataona udongo umepoa upesi, lakini maji bado yana uvuguvugu. Hapo watafahamu kwa nini bahari ndiyo ghala ya joto la dunia, na kwa nini joto lake huweza kutuambia jambo kuhusu miezi ijayo. Pili, apange vipande viwili vya bati kwenye mteremko, kimoja kikiwa na udongo mtupu na kingine udongo wenye majani, avimwagie maji kiasi kilekile, na akinge yanayotiririka katika chupa mbili. Rangi ya maji katika chupa hizo itamfundisha mtoto, na baba yake pia, habari za Mto Ruvuma kuliko maneno mengi.

Njia hii ya kumfundisha mmoja ili afundishe wengi si ngeni nchini mwetu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa redio na vikundi vya kujisomea. Siri yake ilikuwa kwamba viongozi wa vikundi, ambao idadi yao ilifikia maelfu kwa maelfu, walifundishwa kwanza, ndipo redio ikaanza kusema.

CHAMA CHA MSINGI KIFANYE NINI?

Kanuni ya tano ya ushirika duniani ni elimu, mafunzo na habari. Kanuni hiyo haisemi kwamba elimu ni ya uwekaji hesabu peke yake. Tunapendekeza hatua zifuatazo, ambazo kila chama kitazipima kwa uwezo wake:

1. Katibu aonane na mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani na kuuliza ni mwalimu gani wa sayansi au jiografia anayefaa na aliye tayari. Shule zina utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uitwao MEWAKA, ambamo walimu hukutana na kufundishana. Somo la bahari na mvua laweza kuingizwa humo bila kuanzisha jambo jipya.

2. Kamati au Bodi ikiona yafaa, ipeleke mbele ya Mkutano Mkuu pendekezo la fungu dogo katika makisio ya mwaka, la kusaidia nauli ya mwalimu atakayepata nafasi ya kozi. Fedha ni za wanachama; zisitumike kabla hawajakubali. Vyama viwili au vitatu vikiungana, mzigo utakuwa mwepesi.

3. Mwalimu anayesaidiwa apewe masharti kwa maandishi. Akirudi afundishe darasani mwake, awafundishe walimu wenzake, na mwezi wa Oktoba au mara tu utabiri wa msimu unapotolewa aje mbele ya wanachama kuueleza kwa lugha nyepesi. Katibu aandike katika kumbukumbu za mkutano kwamba amekuja, na yale aliyoyasema.

4. Chama kiweke kipima mvua karibu na ghala, mahali pa wazi pasipo miti. Wanafunzi wakisome saa 3 asubuhi kila siku na kuandika katika daftari, hata siku isiyo na mvua. Baada ya miaka 5 chama kitakuwa na mali isiyonunulika, yaani kumbukumbu ya mvua ya kijiji chenyewe, ya kulinganishwa na utabiri.

5. Wazazi wawaeleze watoto wao, wa kike na wa kiume, kwamba kazi hii ipo. Mtoto wa Namtumbo au wa Mbamba Bay anaweza kusomea uvuvi Mbegani, hali ya hewa Kigoma, au sayansi ya bahari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Asiyejua kuwa mlango upo hawezi kuugonga.

MWISHO

Mafunzo haya hayataleta mvua, wala hayatazuia kimbunga. Kimbunga Kenneth kilipoipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma, mwezi wa Aprili 2019, na Hidaya kilipofika Mafia mwezi wa Mei 2024, kilichokuwa mikononi mwa wananchi ni siku chache za tahadhari, na thamani ya siku hizo ilitegemea kama tahadhari imefahamika. Ndivyo ilivyo kwa utabiri wa msimu. Vyombo vinapima, wataalamu wanaandika, redio inatangaza; linalobaki ni mtu wa kijijini wa kutueleza maana yake kwa shamba letu. Mtu huyo tunaye tayari, naye huandika ubaoni kila asubuhi katika shule ya jirani.

Basi kila Katibu anaombwa kuliweka jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao wa Bodi yake, na kulileta mbele ya wanachama kabla makisio ya mwaka hayajapitishwa.